Kiti cha Mama Mkwe

Chumvi ndiyo iliyoanza fujo yote.

Upawa alikuwa amejiapia kwamba siku hiyo angepika chakula cha watu wachache tu: yeye mwenyewe, shangazi yake, mchumba wake, na mama wa mchumba wake aliyekuwa anakuja kumwona kwa mara ya kwanza. Lakini mkono wake haukujua kupika kidogo. Kwa miaka mingi mkono huo ulikuwa umepika katika jiko la kampuni, jiko la kulisha maofisi na vyuo, ambako mwiko una urefu wa mtu na sufuria moja inatosha mtu kuoga ndani yake akanyoosha na miguu. Kwa hiyo alipofungua kopo la chumvi, mawazo yakiwa kwa mama mkwe, mkono ulichota konzi nzima na kuimimina kwenye mchuzi bila kumwomba ruhusa.

"Shangazi!" alipiga kelele. "Njoo uone nilivyojimaliza!"

Shangazi alikuja mbio na kitambaa cha kudekia, akadhani moto umeshika pazia. Alichovya kidole, akalamba, uso ukamkunjamana kama aliyekunywa dawa.

"Hii ni ya kukausha nyama, mwanangu. Ongeza maji."

Aliongeza maji. Maji yakataka nyanya, nyanya zikataka viazi, viazi vikataka nyama nyingine, na mchuzi ukafika ukingoni. Wakaazima sufuria kubwa kwa jirani. Mchuzi mwingi hivyo haukuweza kuliwa na wali kidogo, kwa hiyo wali nao ukaongezwa. Jua lilipopanda, jiko dogo la shangazi lilikuwa limejaa chakula hadi mlangoni.

"Hapa tunatambulishana au ndiyo harusi yenyewe?" shangazi aliuliza, mikono kiunoni. "Maana sijaalikwa na nguo sijashona."

Upawa alicheka, kisha machozi yakamlenga. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye uso wa mviringo, ndiyo maana wenzake wa jikoni walimbandika jina hilo la upawa, na yeye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Hakuwa mtu wa kulialia. Lakini siku hiyo roho yake ilikuwa juu juu. Alikuwa anampenda mwanamume mmoja kwa moyo wake wote, na mama wa mwanamume huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Mwanamume mwenyewe walimwita Funguo. Alikuwa mtunza stoo wa jiko lile la kampuni, na funguo zake zilikuwa zikilia kiunoni hata kabla hajaonekana. Upawa alianza kumpenda kwa sababu ya kreti.

Pale kazini, wapishi hawakuwa na mahali pa kula. Waliiva kwa moto tangu alfajiri, wakalisha mji mzima, kisha wao wakala wima nyuma ya friza, wakimeza haraka kabla msimamizi hajapita. Siku moja Funguo alimkuta Upawa amejibana pale na sahani mkononi. Alirudi stoo, akaleta kreti tupu ya soda, akaipindua chini, akakunja gunia na kuliweka juu ili isimwumize.

"Kaa ule," alimwambia.

Maneno mawili tu. Upawa alikaa, akala, na tangu siku hiyo akawa hasikii funguo zikilia bila moyo wake kumruka. Wenzake walimtania hadi wakachoka. Halafu, polepole, wakaanza kuulizana: kwani sisi sote tuna kosa gani tusikae? Kila mmoja akaleta kigoda chake kutoka nyumbani. Wakaanza kukaa na kula pamoja, wapishi, waosha vyombo na wabeba mizigo, na kundi lao likapata jina la Kaa Ule. Ni watu waliokuwa hawajazoea kusimama mbele ya mtu na kudai kitu, lakini ukiwaona walivyoketi migongo imenyooka, ungewavulia kofia.

Kwa hiyo jina la kundi lilitoka kinywani mwa Funguo. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa ndani yake. Wenzake walipofungiwa geti wiki iliyopita, yeye alibaki upande wa ndani na funguo zake. Upawa alimtetea kwa wenzake, na usiku akamlilia peke yake.

"Wamefika!" shangazi alinong'ona kutoka dirishani. "Jifute pua."

*

Mama yake Funguo aliingia kama mtu anayekuja kukagua. Alikuwa na hoteli yake mjini, hoteli ya chakula iliyosifika kwa usafi na kwa mkono wa mwenyewe, na alikuwa ameijenga peke yake baada ya kufiwa na mume. Nyuma yake aliingia Funguo, shati limepigwa pasi hadi linakata, macho yakimtafuta Upawa. Na nyuma ya Funguo aliingia mwanamke wa makamo aliyebeba kapu la zawadi.

"Shikamoo, mama," Upawa alisema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe." Mama alimtazama juu hadi chini, na kwa urefu wa Upawa ilikuwa safari. "Huyu ni mwosha vyombo wangu, amenisaidia mzigo. Mwonyeshe uani akapumzike."

Mwosha vyombo alikuwa tayari amegeukia mlango wa uani. Upawa hakufikiri. Mkono wake, ule ule uliomwaga chumvi, ulivuta kiti na kukiweka mezani.

"Karibu ukae hapa, dada. Umebeba kapu zito."

"Mwache tu, amezoea," mama alisema.

"Najua, mama. Hata mimi nilikuwa nimezoea."

Shangazi alikohoa. Funguo alitazama viatu vyake. Mwosha vyombo alimwangalia tajiri wake, akamwangalia Upawa, halafu akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyekalia kitu cha kuazima. Midomo ya mama ilibana.

Chakula kikaletwa. Mama alipoona sufuria, nyusi zilipanda.

"Tunangoja wageni wengine?"

"Hapana, mama," Upawa alisema, uso ukimwaka moto. "Mkono wangu haujui kipimo kidogo. Nilizidisha chumvi, nikawa naifukuza."

Mama alichukua tonge la kwanza, akalitafuna polepole, macho ameyafumba. Nyumba nzima ilimngoja yeye.

"Imefukuzika," alisema mwishowe, na pembe ya mdomo wake ikatikisika. "Mkono unao, msichana. Hilo silikatai. Chumvi ikizidi, wapishi wengi hutupa sufuria nzima. Wewe umeiokoa. Mimi mtu anayetupa chakula siwezi kukaa naye nyumba moja."

Chini ya meza, goti la Funguo liligusa goti la Upawa. Joto lilimpanda hadi shingoni. Kwa muda mfupi aliona kila kitu kinawezekana: nyumba yao ndogo, kikombe chake na kikombe cha Funguo kwenye kabati moja.

"Sasa tuseme la maana," mama alisema akijifuta vidole. "Mwanangu amekuchagua, na mimi sitaki kumvunja moyo. Lakini ana kazi nzuri. Msimamizi wao anazeeka, na nafasi ile inamsubiri. Hawawezi kumpa mtu ambaye mkewe anakaa getini kila mchana na kigoda. Achana na wale watu. Fanya hivyo, na mwezi ujao naleta wazee wa kwetu hapa kwa furaha."

Shangazi alimkazia Upawa macho. Macho yale yalisema: kubali, mwanangu, usiwe mjinga.

"Mama," Upawa alisema taratibu, "unajua kwa nini tulifungiwa geti?"

"Viti. Eti mnataka viti vya kulia. Watu wazima mnagombania viti!"

"Viti vilikuja kwanza, ni kweli. Lakini geti lilifungwa kwa kitu kingine." Alimgeukia Funguo. "Hukumwambia?"

Funguo aliinamia sahani. Alikuwa ameshika kijiko kwa nguvu hadi vidole vimebadilika rangi.

"Hukuniambia nini?" mama aliuliza.

"Mwambie wewe, Funguo. Mimi nikisema itakuwa nakusema vibaya, na sitaki kukusema vibaya. Nakupenda."

Hilo neno lilitoka hivyo, mbele ya wazee, bila kupangwa. Shangazi alijifunika uso kwa kitambaa. Funguo aliinua macho, na yalikuwa yamejaa maji.

"Chakula kinachobaki, mama," alisema. "Wali, nyama, mboga, kila kitu. Kinarudi jikoni kizima, hakijaguswa. Msimamizi hataki mfanyakazi achukue hata kijiko. Anasema tukiruhusu, watapika kingi makusudi. Kwa hiyo kabla ya kutupwa kinamwagiwa sabuni."

"Kinamwagiwa nini?"

"Sabuni ya unga. Ili kisilike."

Mkono wa mama ulisimama juu ya sahani.

"Na nyuma ya ukuta," Upawa aliongeza, "kuna mtaa ambao watoto wanalala na njaa, mama. Tunawasikia tukiwa kazini. Tulisema tutakipeleka huko wenyewe, baada ya kazi, kwa mikono yetu, kampuni isitoe chochote. Wakakataa. Siku ile nilipewa kopo la sabuni nikamwagie wali niliokuwa nimeupika tangu alfajiri. Sikuweza. Nilisema sifanyi. Mwenzangu naye akasema hafanyi, na mwingine, na mwingine, hadi kopo likakosa mtu wa kulishika. Kesho yake tukakuta geti limefungwa."

Mama alimtazama mwanawe. "Na hiyo sabuni inakaa wapi?"

Funguo aligeuzageuza kijiko.

"Nakuuliza. Inakaa wapi?"

"Stoo, mama."

"Stoo ya nani?"

"Yangu. Mimi ndiye ninayeitoa."

Mwosha vyombo aliweka kijiko chake chini bila sauti. Mama alisimama, kiti kikasukumwa nyuma, sahani yake ikabaki nusu.

"Twende," alisema.

"Mama, tafadhali..."

"Nimesema twende! Mnaniita hapa nile, halafu mnanivua nguo mbele ya watu! Wewe, mtoto niliyekulea kwa chakula, unakuwa mtoa sabuni. Na wewe, msichana, bado hujanijibu. Unawaacha wale watu, au huwaachi?"

Upawa alishika ukingo wa meza. Alijua anachokipoteza, kwa sababu kilikuwa kimesimama mbele yake na shati lake la pasi.

"Siwaachi, mama. Nisamehe. Mwanao ndiye aliyenifundisha kukaa. Sasa siwezi tena kula nimesimama, hata kwa ajili yake."

Mama alitoka. Funguo alibaki kidogo mlangoni, akamtazama Upawa. Kisha akamfuata mama yake. Wa mwisho kutoka alikuwa mwosha vyombo.

"Ahsante kwa kiti," alisema.

*

Upawa alilia huku ameegemea friji, wima. Shangazi alimwacha alie, kisha akamwacha tena kidogo, kisha akachoka.

"Sasa basi. Machozi yana chumvi, na chumvi tumeshaiona leo. Chakula chote hiki unakifanyaje?"

Upawa aliitazama sufuria. Alijifuta uso. Saa hiyo wenzake walikuwa wameketi getini kama kila mchana. Asubuhi walikuwa wamemfukuza kwa utani: nenda kajitambulishe, sisi tutakukalia kigoda chako.

"Nitafutie mkokoteni," alisema.

Walifunga masufuria kwa kamba, wakayafunika vizuri. Kabla ya kutoka, Upawa alirudi mezani. Sahani ya mama ilikuwa pale, nusu imeliwa, nusu safi, imepangwa vizuri na mkono wa mtu anayekiheshimu chakula. Hakuweza kuimwaga. Aliifunika kwa sahani nyingine, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya mkokoteni.

"Hiyo ya nini?" shangazi aliuliza.

"Sijui. Twende tu."

Getini walipokelewa kwa vifijo. Wenzake walikuwa wameketi mstari mrefu kando ya ukuta, kila mtu na kigoda chake, ndoo iliyopinduliwa au tofali lenye gazeti juu. Mvua ilikuwa imewanyeshea mara kadhaa wiki ile, na bado walikuwa wamekaa kana kwamba ukuta ule ni sebule yao. Watoto wa mtaa wa nyuma walikuwa wameshanusa na walikuja na mabakuli. Hata askari wa geti alitoa mkono wake katikati ya vyuma na kudai sahani.

"Umekubaliwa?" mwenzake mmoja aliuliza.

"Kaa ule," Upawa alimjibu, akampakulia.

Alikuwa akipakua, akipakua, hataki kufikiri. Geti dogo lilifunguliwa kutoka ndani na mtu akatoka, lakini hakukuwa na mlio wowote kiunoni mwake. Ndiyo maana hakugeuka, hadi wenzake waliponyamaza.

Funguo alisimama pale na kreti ya soda begani.

"Nimempeleka mama hadi kwake," alisema. "Halafu nimekuja kurudisha funguo."

"Zote?"

"Zote. Msimamizi ameniuliza kama nina wazimu. Nimemwambia naomba kitu kimoja tu cha kuondoka nacho." Aliishusha kreti. Gunia lilikuwa bado juu yake, limekunjwa vile vile. "Upawa, nilikuwa naogopa. Nilijidanganya kwamba mtu wa stoo hamwagi, anatoa tu. Kila siku nilipoona mnakaa hapa nje, nilitamani niwe mwenzenu, nikaona aibu. Siji kwa ajili ya kukuoa. Hata ukinikataa, nitakaa hapa. Ila usinikatae."

Mtu alicheka kwenye mstari, na mwingine akamfinya.

Upawa alimtazama yule mtu asiye na funguo, na akaona ni mzuri kuliko alivyowahi kuwa. Alitaka kumkumbatia lakini mikono yake ilikuwa imejaa mchuzi. Kwa hiyo alimpakulia sahani, akaijaza kupita kiasi, akampa. Vidole vyao vilikutana chini ya sahani na havikuwa na haraka ya kuachana.

"Kaa basi," alisema. "Wali unapoa."

Lakini Funguo hakuwahi kukaa. Alikuwa akitazama barabara, mdomo wazi. Mama yake alikuwa anakuja kwa miguu, kitambaa cha kichwa kimeteleza, na mwosha vyombo hakuwa nyuma yake. Alikuwa ubavuni mwake.

Mama alifika mbele ya Upawa, akahema.

"Sahani yangu iko wapi?"

"Mama?"

"Niliacha chakula nusu. Tangu nimezaliwa sijawahi kuacha chakula. Nimefika nyumbani nikashindwa kukaa. Nimerudi kwenu, jirani akaniambia mmekileta huku. Umekimwaga?"

Upawa alifungua kitambaa, akainua kifuniko na kumpa sahani yake, kama alivyoiacha.

Mama aliipokea kwa mikono miwili.

"Mimi nimekua kwa kukwangua ukoko wa sufuria za watu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mezani. "Sabuni hiyo ingenikuta mimi. Njiani nimemuuliza huyu dada, kwangu anakula wapi. Ameniambia dirishani, kwenye sinki. Amesimama. Miaka yote hiyo, na mimi namwita mtu wangu. Sikuwahi hata kugeuka kutazama."

"Mama, kaa," Funguo alisema, akimsogezea kreti.

Mama alimshika mwosha vyombo mkono, akamkalisha yeye kwenye kreti, na kumpa kile alichokuwa ameshika Funguo, sahani na kijiko. Yeye mwenyewe akakaa kwenye tofali, nguo yake nzuri na yote, akala alichobakiza hadi sahani ikang'aa. Wenzake Upawa walimtazama bila kupumua. Alipomaliza alisimama, akapangusa vumbi, akanyoosha mkono.

"Nipe huo upawa."

"Mama, bado watoto wale hawaja..."

"Nimepika na kupakua kabla hujazaliwa. Nipe."

Alimnyang'anya. Alimpakulia mtoto wa kwanza, wa pili, akamkemea askari aliyekuwa anataka mara ya pili kabla wengine hawajapata. Kisha akachukua sahani safi, akaweka wali, akaweka nyama nzuri aliyoichagua mwenyewe, akageuka. Na alimkuta Upawa bado amesimama, mikono mitupu, hajui aiweke wapi, na tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.

Mama alimwekea sahani mikononi.

"Wazee wa kwetu watakuja mwezi ujao," alisema. "Waambie hawa wenzako waje na vigoda vyao, kwa maana viti havitatosha. Na wewe, mwanangu, umesimama vya kutosha. Kaa ule."